Anza na Python, na usome ujumbe wa kosa hadi mwisho

Ndugu yangu wa Likoni, umeuliza uanze na lugha ipi ya kuandikia programu kati ya Java, C++ na Python, na kwa nini programu yako ya kujumlisha nauli za matatu, 50 na 30, inakupa 5030 badala ya 80.

Kwa mtu anayejifunza peke yake, mimi nachagua Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, kwa sababu haikulazimishi kuandika mistari mingi usiyoielewa kabla ya kuona jibu lako la kwanza. Java itakufaa baadaye, C++ isubiri.

Kuhusu hiyo 5030, kila anachoandika mtumiaji hupokewa na input, amri ya Python ya kupokea maandishi kutoka kwenye kibodi, kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi mawili huyaunganisha tu. Andika int(input()) pale unapopokea kila nauli, ili int iyageuze maandishi hayo kuwa namba nzima, nawe utapata 80.

Tafadhali usifunge dirisha kwa hofu kila yanapotokea maandishi mekundu ya ujumbe wa kosa. Mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa, na juu yake huonyeshwa namba ya mstari wenye tatizo, ingawa mabano yasiyofungwa huenda yakawa mstari mmoja kabla. NameError, yaani kosa la jina, kwa mfano, mara nyingi humaanisha umekosea herufi: nauli na Nauli ni majina mawili tofauti.

Ukishamaliza, weka nauli za abiria wote katika orodha, ukikumbuka kwamba nafasi ya kwanza huhesabiwa 0.