Mwanga wa Seli Ripota Ukipungua, Je, Dawa Imefanya Kazi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika famasia. Nilitia maji ya majani ya mwarobaini kwenye seli za THP-1 (aina ya seli nyeupe za damu zinazokuzwa maabara) zilizopandikizwa jeni ya lusiferasi inayoitikia NF-kB (protini inayowasha jeni za inflamesheni), kisha nikazichokoza kwa lipopolisakaridi, kemikali ya ganda la bakteria inayoamsha seli za kinga. Mwanga umepungua sana kuliko kwa seli zisizopewa dawa. Je, niandike kwamba mwarobaini unazuia inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili)?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Bado. Seli hizo, ziitwazo seli ripota, zinakuarifu jambo moja tu: kama jeni ya lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli, imesomwa au la. Seli ikiwa imetulia, NF-kB, protini iliyoelezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, hushikiliwa nje ya kiini na protini nyingine iitwayo IkB. Kipokezi cha TLR4 kinapotambua lipopolisakaridi, IkB huvunjwa, NF-kB huingia katika kiini na kukamata kipande cha DNA kilichotangulia jeni yako, na mwanga huanza kutengenezwa.

Mwanga huo unaweza kufifia bila njia hiyo kuguswa hata kidogo. Sababu inayowaponza wengi ni kifo: seli iliyokufa haitoi mwanga, na majani machungu huua seli kwa urahisi, kwa hiyo pima uhai wa seli kwa kila kiwango cha dawa ulichotumia. Zaidi ya hapo, baadhi ya kemikali za mimea hukizuia kimeng'enya chenyewe, na rangi ya kijani ya majani nayo hufyonza mwanga. Hilo hujulikana upesi: chukua seli zilizokwisha kuchokozwa pasipo dawa, zipasue, kisha utie maji ya mwarobaini wakati wa kusoma tu. Mwanga ukishuka papo hapo, umezuia kipimo chako, hukuzuia inflamesheni. (Na kama ungepanda, ningeshuku kwanza bakteria waliokuwa kwenye majani.)

Baada ya hapo pima TNF, protini ya kuashiria inflamesheni, ambayo seli zenyewe zimeimwaga. IL-1β, protini nyingine ya aina hiyo, ipime pia, kwa kuwa kukomaa kwake hutegemea kimeng'enya kiitwacho kaspesi-1, hatua ambayo ripota yako haiioni. Tena THP-1 ni seli za saratani ya damu zilizotokana na mtoto mmoja wa Japani, hivyo rudia jaribio kwa monositi (aina ya seli nyeupe za damu) za wachangia damu kadhaa.

Kwa sasa andika kwamba maji ya mwarobaini yalipunguza mwanga wa ripota ya NF-kB katika THP-1 zilizochokozwa, ukitaja kiwango cha dawa na saa ambazo seli zilikaa nayo.