Mgodi ukifungwa, msianze na shimo

Mleta mada, umeuliza kama kamati yenu ifungue handaki la zamani ili wageni waingie, kwa kuwa ndicho kivutio pekee mlicho nacho. Nimekaa miaka sita kwenye kamati kama hiyo, katika mji mdogo ulioachiwa vifusi na wazee kampuni ilipoondoka. Handaki liwe la mwisho.

Sisi tulianza nalo. Hela ya mwaka mzima ikaishia kwa mhandisi, naye akatuambia nguzo za mbao zimeoza na hewa ya ndani ina oksijeni pungufu. Wageni wachache tuliowapata kumbe walipenda zaidi kukaa na mzee aliyekuwa akiendesha winchi, ile mashine ya kushusha na kupandisha mgodini, awagongee kengele za ishara: hizi za kushusha watu, hizi za kupandisha mawe. Alikuwa barazani kwake siku zote, tunampita tukienda vikaoni.

Najua mtanitajia Big Pit ya Blaenavon, Wales. Kweli, mgodi ule wa makaa ya mawe ulifungwa 1980, ukapokea wageni 1983, na wanaowashusha mita 90 ni watu waliowahi kuchimba. Ila simu, saa ya betri na kiberiti vinabaki juu kwa kuhofia gesi inayoweza kulipuka, na bado wanafuata sheria za migodi. Nyie mna nani wa kupima hewa kila asubuhi?

Mdomo wa handaki wekeni geti la nondo za kulala, popo wapite, watu wasipite. Popo wakitoka jioni, hiyo ni ziara tosha. Kijito chenye rangi ya kutu nacho msikifiche: ni pairaiti, madini ya chuma na salfa, iliyokutana na maji na hewa ikazaa asidi. Watu wasikiguse, lakini kwetu hapo ndipo maswali huwa mengi.

Kwenye pesa tuligombana vibaya. Vijana wanaojua lugha za wageni walishika zamu zote, wazee wakanuna na simulizi zikakauka. Sasa kila ziara ina mzee na kijana, wanagawana sawa, fungu la mji likishatolewa kwanza, na hesabu zinabandikwa ukutani kila mwezi.

Halafu, kabla ya kuandika ubao wowote, pigeni hodi kwa kila familia iliyofiwa mgodini. Sisi tuliandika kwanza. Mama mmoja akaja akaona jina la mumewe limewekwa kwa ajili ya kupigiwa picha, na tukaung'oa ubao siku hiyohiyo, wageni wanatazama.