Hita ya maji, taima, na uniti zilizokwenda bila mtu kuoga

Mwezi wa sita mwaka jana tulifunga nyumba Ijumaa jioni tukaenda Kondoa msibani. Friji ilikuwa kwa fundi, taa zote tulizima, televisheni tuliichomoa. Kabla ya kutoka nilisoma mita ya LUKU, maana nilitaka kujua kama tutarudi tukute umeme: uniti 41.6. Jumapili jioni tuliporudi mita ilisoma 37.0. Uniti nne na ushee zimeliwa ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Kitu pekee kilichobaki kwenye umeme kilikuwa hita ya maji ya kuogea, lile tanki la lita 80 lililotundikwa ukutani bafuni. Maji yalikuwa yanapoa kidogo, hita inawaka, yanapoa tena, inawaka tena, siku mbili mfululizo, na hakuna hata mmoja aliyefungua koki.

Ninawaandikia hasa wenzangu mliohamia Dodoma kutoka Dar au Tanga. Kule maji ya bomba unajimwagia tu. Hapa kipupwe kikishaingia, kuanzia Juni hadi Agosti, alfajiri inashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unavuma, na maji yaliyolala kwenye tanki la nje yanauma hadi kwenye mifupa. Mwenye mtoto mchanga au mzee nyumbani asione kwamba hita ni anasa. Lakini kabla hujaitupa kwa sababu ya bili, au hujanunua nyingine kubwa zaidi, shika mambo mawili: maji yapate joto kiasi gani, na yapate joto saa ngapi. La kwanza ni kazi ya themostati. La pili ni kazi ya taima.

Themostati ni kile kidude kinachokata umeme maji yakifika joto ulilopanga na kuurudisha yakipoa. Kwenye hita nyingi zinazouzwa kwetu kitufe chake hakina namba za nyuzi. Kina nukta, au 1 mpaka 5, au mshale tu wa kuongeza na kupunguza. Yetu ilitoka dukani ikiwa imezungushwa hadi mwisho, na kwa mwaka mzima hatukuigusa. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Mpwapwa kukaa nasi, siku ya pili alitoka bafuni ameshika mkono wake, akaniambia, "Mwanangu, haya maji ni ya kusongea ugali, si ya kuogea." Nilichukua kipimajoto cha jikoni, nikaacha maji ya moto yatiririke kama dakika moja, nikakinga kikombe. Nyuzi 74. Mtoto wangu wa miaka minne alikuwa akiogeshwa kwa koki hiyohiyo kila jioni. Sikulala vizuri usiku ule.

Ipime ya kwako leo. Subiri taa ya hita izime yenyewe, ndiyo ujue imemaliza kuchemsha, kisha fungua maji ya moto peke yake na ukinge. Ikiwa kitufe kiko nje, kizungushe kidogo, subiri hadi kesho, upime tena. Ikiwa kiko ndani ya kifuniko, zima kwanza sakiti breka, si swichi ya ukutani tu, na kama hujawahi kushika nyaya mwite fundi umeme. Sisi ilituchukua siku nne kufika nyuzi 60, na hapo nikaweka alama kwa wino usiofutika.

Kwa nini 60 na si 45, wakati tunaoga maji ya kama nyuzi 40? Kwa sababu maji ya vuguvugu yanayokaa tankini ni makazi mazuri ya bakteria. Wapo wanaoitwa Legionella, wanaostawi kati ya nyuzi 20 na 45 na kuleta homa kali ya mapafu mtu akivuta matone madogo ya maji yenye bakteria hao. Kwenye nyuzi 60 wanakufa. Kwa hiyo usishushe chini ya hapo kwa kutafuta kuokoa uniti. Lakini hata nyuzi 60 zinaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, hivyo nyumbani kwetu sheria ni moja: maji baridi yanatangulia kwenye beseni, ya moto yanafuata, na mtoto hafungui koki mwenyewe.

Sasa saa. Watu wengi wameniambia, na mafundi wawili wakiwamo, kwamba kuzima hita na kuiwasha upya kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha. Si kweli. Fikiria chupa ya chai: inapoteza joto kwa kasi zaidi ikiwa imejaa chai inayotokota kuliko ikiwa chai imeshapoa. Tanki nalo ni hivyohivyo. Kadiri maji yanavyozidi joto la chumba ndivyo joto linavyotoroka, na kila linalotoroka unalilipia. Tanki lililoachwa lipoe linapoteza kidogo kuliko lililoshikiliwa kwenye moto usiku kucha. Zile uniti zangu za wikendi ya Kondoa zilikuwa joto la kutoroka tupu.

Taima basi. Kuna za kuchomeka kwenye soketi na kuna za kufungwa kwenye boksi la breka. Angalia ampea kabla ya bei: hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9, ya wati 3,000 inavuta 13. Taima ya soketi iliyoandikwa ampea 10 inaweza kuyeyuka kwenye hita kubwa. Nimewahi kuiona plagi ya jirani imekuwa nyeusi kama mkaa. Kwa hita ya kudumu chagua ya ampea 16 au zaidi, ifungwe kwenye boksi. Jambo la pili ni betri. Taima za kuzunguka zisizo na betri husimama umeme ukikatika, na ukirudi zinaendelea pale zilipoachia. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, taima nayo inachelewa kwa saa tatu, kesho yake unaamka kwenye maji baridi na unadhani hita imekufa. Lipa nyongeza upate yenye betri ya akiba.

Na hapa kuna mtego ambao hakuna karatasi ya maelezo itakayokueleza, kwa sababu haikuandikwa na mtu anayehesabu saa kama sisi. Baba watoto alipanga taima iwashe saa kumi alfajiri. Akaandika 10:00. Kwa wiki nzima hita iliwaka saa nne asubuhi, watoto wako shule, sisi tuko kazini, na alfajiri tukakuta maji yamebaki vuguvugu tu. Saa kumi alfajiri kwa taima ni 04:00. Ya alfajiri unaondoa sita: saa kumi na moja ni 05:00, saa kumi na mbili ni 06:00. Saa moja ya jioni ni 19:00. Nimeyaandika haya kwenye kipande cha karatasi na kukibandika pembeni ya boksi, ili hata msichana anayetusaidia kazi asikosee.

Muda wa kuwasha unaupata kwa hesabu ndogo. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji uniti mbili na robo hivi. Hita ya wati 1,500 itafanya kazi hiyo kwa saa moja na nusu. Kwetu LUKU ya shilingi elfu kumi inatoa uniti kama 28, kwa hiyo tanki moja la lita 50 ni karibu shilingi mia nane. Na kama uko kwenye lile kundi la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu vizuri: ukomo huo ni uniti mbili na nusu kwa siku. Tanki moja kila siku, na taa na simu umezibakizia robo uniti.

Ndiyo maana naona tulikosea kununua lita 80. Tunaoga kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 40 inachukua chini kidogo ya lita 10 za moto, zilizobaki ni za baridi. Tanki la lita 50 lingetupa ndoo tano, na sisi ni watano. Wanaooga kwa bomba la mvua ndio wanaohitaji tanki kubwa, kwa sababu dakika sita za bomba la kawaida zinakula zaidi ya lita 20 za moto kwa mtu mmoja.

Maji yetu nayo yana hesabu yake. Mji huu umekunywa miaka mingi maji ya visima vya Mzakwe, kule Makutupora, na kila mwenye birika anajua yanavyoacha ukoko mweupe. Ukoko huohuo unaivaa koili ya hita, na maji yakizidi nyuzi 60 unajenga haraka zaidi. Fundi alipofungua ya kwetu alitoa maganda kama ya yai, yamejaa nusu bakuli, na ile fimbo ya magneziamu inayolinda tanki lisiliwe na kutu ilikuwa imebaki waya. Ifunguliwe angalau kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukiwa hapo, mwambie fundi akuoneshe kikatishi cha usalama, kile kinachozima kila kitu themostati ikishindwa. Fundi mmoja wa zamani alikuwa amekiruka kwa kipande cha waya kwa sababu "kilikuwa kinasumbua". Kinachosumbua ni themostati mbovu. Kikatishi kilikuwa kinatuokoa. Tanki lililofungwa linalochemka bila kukatika linaweza kupasuka na kubomoa ukuta. Ukikuta waya huo, zima breka na usiiwashe mpaka utolewe. Valvu ya kupunguza presha nayo isizibwe hata kama inadondosha maji.

Sasa hivi taima yetu inawasha 04:00 hadi 05:45, na 18:00 hadi 18:45. Kwa siku tunatumia uniti tatu hadi tatu na nusu kwenye hita. Zamani zilikuwa zinafika sita. Mwezi wa kumi jua likishakolea nafuta kabisa ya jioni, kwa sababu maji ya tanki la nje yanaingia bafuni yakiwa na vuguvugu lake, na mama mkwe huyaoga hivyohivyo.