Chupa ya Soda Inafaa Kuwekea Divelopa?

SWALI: Habari za kazi. Nimeanza kusafisha filamu za blakiwaiti mwenyewe nyumbani. Nina machupa kibao ya soda, madumu ya maziwa na chupa za blichi, je naweza kuwekea divelopa (dawa ya kutoa picha kwenye filamu), stopu (ya kusimamisha divelopa) na fiksa (ya kuifanya picha idumu) au nitaharibu dawa?

JIBU: Unaweza, ila sio kila plastiki. Geuza chupa uangalie kitako, kuna namba ndani ya pembetatu. Chupa za soda ni namba 1, yaani PET, zimetengenezwa ili gesi ya soda isitoroke kwa hiyo zinazuia hewa vizuri, na kinachoua divelopa ni oksijeni, ikiingia tu dawa inageuka kahawia na nguvu inaisha. Madumu ya maziwa mengi ni namba 2, hayo yanapitisha hewa polepole hata ukikaza mfuniko, halafu mafuta ya maziwa kuyatoa yote ni kazi, mimi divelopa siwezi kuiweka humo. Stopu na fiksa hazisumbui hivyo, namba 2 iliyo safi inatosha.

Jaza mpaka mdomoni, au minya chupa hewa itoke ndo ufunge. Divelopa kama D-76 inakaa miezi 6 chupa ikijaa, ikiwa nusu ni miezi 2 tu, kwa hiyo bora chupa ndogondogo nyingi kuliko moja kubwa. Na dawa uliyokoroga kwa maji ya moto iache ipoe kwanza, PET ikipata joto inajikunja.

Chupa za blichi achana nazo kabisa, masalia yake yakikutana na asidi ya stopu yanatoa gesi ya klorini, na chumba cha giza mara nyingi hakina hata dirisha.

Sasa hapa naomba unisikilize vizuri. Divelopa mpya inafanana na maji, na mtu mwenye kiu akiona chupa ya soda hasomi, anapiga funda. Haidrokwinoni iliyomo ni sumu ikimezwa. Bandua lebo yote, andika SUMU, jina la dawa na tarehe kwa makapeni pande zote, zungushia tepu nyekundu mpaka kwenye mfuniko, kisha fungia kabatini kwa kufuli, kwenye friji usiweke hata siku moja. Kama kuna watoto nyumbani basi usitumie chupa ya kinywaji hata kama plastiki yake ndo bora, nunua zile chupa za kahawia za kuwekea dawa za filamu. Na mtu akinywa kwa bahati mbaya usimtapishe, mkimbize hospitali na chupa yenyewe muende nayo.