Albamu ya pili usiifanye peke yako (lakini pia usiite kila mtu)

Mzee wa kinubi cha adungu aliacha kupiga katikati ya wimbo, akalaza kiganja juu ya nyuzi zote zikanyamaza, akaniangalia. "Binti, unakimbizwa na nani?"

Mi nikacheka, nikajua anatania. Hakucheka. Akasema nimebeba hii kitu kwa basi kutoka Nebbi mpaka Kampala, sasa wewe unaimba tangu mwanzo mpaka mwisho hupumui hata kidogo, mimi nitapigia wapi? Niliona aibu wallahi, maana prodyuza alikua pale, kijana wa besi alikua pale, na wote wakainamia simu zao kama watu ambao walikua wanataka kusema hilo jambo tangu asubuhi ila hawana mvi za kulisemea.

Naandika hii kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na wenzangu waliotoa albamu moja, wanataka ya pili, na wanahisi wamekwama. Mi pia nilikwama, miaka kama mitatu hivi. Kwa hiyo chukua yatakayokufaa.

Kwanza nijieleze kidogo. Nimekulia Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mama alikua anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori yanayotoka Mombasa, yale yanayopanga foleni kungoja karatasi za forodha. Ndio maana naimba Kiswahili, sikukisomea popote, ni lugha ya ile barabara. Albamu ya kwanza nilitoa 2019, nyimbo 12, na nilifanya karibu kila kitu mwenyewe: maneno, gitaa, sauti ya kwanza, sauti ya pili, sauti ya tatu, hadi makofi ni yangu. Nilikua naona ni sifa. Ukiisikiliza leo utasikia mtu anayeogopa kimya, kila penye nafasi nimejaza kitu, na nyimbo nyingi mwishoni nimepandisha ki (key, ngazi ya sauti ya wimbo), ule mchezo wa korasi ya mwisho inapanda juu kidogo ili watu waamke. Nyimbo saba kati ya 12! Mtu mmoja aliniambia albamu yako inapanda ngazi tu haifiki ghorofani. Iliniuma, lakini alisema ukweli.

Alafu nikafanya kosa ambalo naona wengi mnalifanya sa hivi. Nikaamua dawa ya kukwama ni kolabo. Na kolabo kwetu Kampala mara nyingi maana yake ni kutafuta jina kubwa, kulipa, kungoja, kukumbushia, alafu siku moja saa sita usiku unatumiwa vasi kwenye Wasap. Nikalipa. Vasi ikaja, sauti tamu kweli siwezi kumnyima haki yake, lakini wimbo wangu ulikua unahusu mama anayemngoja dereva ambaye hakurudi tena, na huyu ndugu alikua anaimba juu ya kiuno cha mtoto mzuri. Hakuusikiliza. Na kosa si lake sana, mi ndio nilimtumia biti tupu lenye shimo la sekunde thelathini katikati na kumwambia "hapo ni pako". Ukimpa mtu shimo atalijaza na alichonacho mfukoni. Ule wimbo upo kwenye kompyuta yangu mpaka leo na hautoki.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, na mengine yote yanatoka hapo: mtu wa kushirikiana naye mwite wakati wimbo bado mbichi, ukiwa na beti moja na nusu na korasi hujaipenda bado. Ukimwita wimbo umeshaiva anakua mapambo tu. Ukimwita mapema anaweza kukukatalia kitu, na kukataliwa ndio kulinifanya nikue.

Mfano ni huyo huyo mzee. Kwa ambaye hajui, adungu ni kinubi cha watu wa Nile Magharibi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, Waalur hasa, kina sanduku la mbao lililofunikwa ngozi na shingo iliyopinda kama upinde, nyuzi zinapita kutoka kwenye shingo mpaka kwenye ngozi. Kuna ndogo za kupakata na kuna zile kubwa za besi ambazo mtu anapiga amekaa nyuma yake kama amejificha. Yake ina nyuzi tisa, za plastiki ya kuvulia samaki. Sasa nyuzi tisa maana yake ni noti tisa, basi. Unamwambia ki ya wimbo, anazungusha vigingi anazikaza, na hapo umefunga ndoa. Mi nikaja na wimbo wangu wa "Foleni" ambao kwenye daraja (kile kipande cha kuvukia kwenda korasi ya mwisho) niliweka kodi moja, yaani chord, ya kuazima kutoka ki nyingine, tamu, ya kujionyesha, na mwisho kama kawaida yangu ki inapanda. Mzee akasikiliza akasema hiyo noti sina. Nikamwambia si unaweza kukaza kidogo tukifika hapo? Akaniuliza, wewe ukiwa katikati ya kuongea unaweza kubadilisha meno?

Kwa hiyo kodi ikatoka na kupanda kukatoka. Nikabaki na wimbo ulio sehemu moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mimi sina ujanja wowote wa kumwamsha msikilizaji isipokua maneno na namna ninavyoyasema. Tulikaa siku mbili na huo wimbo. Siku ya pili nikaanza kuimba mstari mmoja alafu nanyamaza, yeye anajibu kwa nyuzi nne hivi, alafu naendelea. Na hapo ndio nikaelewa kitu kuhusu foleni ya malori yenyewe, kwamba haipandi ki, inasogea hatua tatu inasimama. Sikuwa nimelifikiria hilo kabla, mkono wake ndio ulilileta.

Baadae nilirudi kusikiliza albamu ya kwanza ya Geoffrey Oryema, mwanamuziki wetu wa Uganda, ile ya 1990 ambayo prodyuza wake alikua Brian Eno. Oryema baba yake alimfundisha kupiga nanga (chombo cha nyuzi), alitoroka nchi 1977 baada ya baba yake kuuawa wakati wa Amin, akaishia Ufaransa. Eno ni mtu wa mashine na masintesaiza, angeweza kumfunika kabisa. Sikiliza alivyomwachia nafasi. Nilikua nimeisikia mara kibao hiyo kazi na sikuwahi kusikia nafasi, nilikua nasikia sauti tu.

Mtu wa pili aliyenibadilisha ni dada mmoja wa Mombasa, mshairi, tulijuana kupitia rafiki. Nilimtumia maneno ya nyimbo nne. Yakarudi yana rangi nyekundu kama mtihani wa darasa la saba. Si mnaujua ule msemo, Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania, kikaugua Kenya, kikafa Uganda na kuzikwa Kongo? Basi mi ndio muuaji. "Kitu ingine", "watu ya lori", "mutoto", vyote vimepigwa mstari. Nilikasirika siku moja nzima sikumjibu.

Alafu nikampigia tukaongea kama masaa mawili, bando likaisha nikanunua lingine. Ikawa hivi: pale ninapoongea mimi mwenyewe kwenye wimbo, alikua na haki, mistari yake ilikua mizuri kuliko yangu na mizani ilikaa, kwa sababu yeye anahesabu silabi kama watu wa pwani wanavyohesabu na mi nilikua najaza tu mpaka pumzi iishe (unaona, ugonjwa ni ule ule). Lakini pale mama anapoongea, nikakataa. Mama anasema "chai iko, maziwa iko, wewe kaa". Ukimfanya aseme "yapo maziwa" si mama tena, ni mtangazaji wa redio. Dada akanyamaza kidogo akasema haya, mama yako abaki na Kiswahili chake. Sasa kwenye albamu kuna Kiswahili cha aina mbili na unajua nani anaongea hata kabla sijabadilisha sauti. Hilo peke yangu nisingelipata, na yeye peke yake pia asingelipata. Kwa hiyo mkigombana na mwenzako juu ya mstari usikimbilie kukubali wala kukataa, muulize kwanza mstari huo nani anausema.

Mambo ya ratiba nipite haraka. Nilitaka ngoma za kadodi kwenye nyimbo mbili na nikapanga kurekodi Agosti 2024. Mtu wa Uganda mzima kama mimi, jirani wa Mbale, nikasahau kwamba mwaka wa shufwa ni mwaka wa imbalu, ile tohara ya Wagisu! Vijana wote wa kadodi walikua barabarani wanasindikiza watahiriwa, hakuna anayekuja kukaa studio Kampala. Tukangoja. Pia ukirekodi chombo cha ngozi ujue mvua ni mwanachama wa bendi, hewa ikilowa ngozi inalegea na nyuzi zinashuka, na mabati yakianza kupiga kelele, zima kila kitu mnywe chai. Na usimlazimishe mzee kufuata kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni. Tulijaribu, akapiga kama mtu anayetembea na viatu vya mwingine. Tukatoa kliki, tukakaa wote chumba kimoja tukapiga pamoja, besi akamfuata mzee miguu. Tempo inaongezeka kidogo mwishoni na nimeiacha hivo.

Sasa ile ya usiite kila mtu. Nilipoona kushirikiana kuna raha nikalewa nayo, nikaanza kumpigia kila mtu. Kuna wiki studio ilikua na watu tisa, mmoja anataka tuweke biti la amapiano, mwingine ameleta binamu yake anayepuliza saksafoni, rolex (zile chapati za mayai) zinaagizwa kwa hela yangu. Hakuna kilichotoka wiki hiyo. Nikarudi kwa watu wanne. Kipimo changu kikawa cha kijinga ila kinafanya kazi: huyu mtu anaweza kunielezea wimbo unahusu nini bila kuangalia maneno? Kama hawezi, namshukuru, namlipia boda, anaenda.

Na hela. Watu hawapendi kuongea hii mapema wanaona ni ushamba au ni kuvunja urafiki. Albamu ya kwanza hatukuandika kitu na yule aliyenirekodi, tulipokosana akabaki na faili zote, mi nina MP3 tu, mpaka leo siwezi kurekebisha hata sauti moja. Safari hii siku tuliyomaliza kila wimbo, kabla mtu hajavaa viatu, tulichukua karatasi tukaandika: maneno nani na asilimia ngapi, melodi nani, rekodi yenyewe ni ya nani. Hivo ni vitu viwili tofauti, wimbo na rekodi, msivichanganye. Mzee hakuandika neno hata moja lakini yale majibu ya nyuzi kwenye "Foleni" ni melodi, nusu ya wimbo inaning'inia hapo, nikampa sehemu ya utunzi, si ujira wa siku tu. Prodyuza aliniona mjinga. Alafu tukasajili UPRS, chama cha hakimiliki za muziki Uganda, kwa mgawanyo ule ule. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, maana yake hiyo karatasi mtakayoandika kwa dakika tano huku mnaona haya, wajukuu zenu ndio wataisoma. Andikeni kwa mwandiko mzuri. Na faili omba nakala siku hiyo hiyo, nenda na diski yako.

Kuhusu sauti yangu yenyewe, watu wanasema imekua. Sijui. Nimeshusha ki za nyimbo karibu zote, zamani nilikua naimba juu kwa sababu juu unasikika una bidii. Chini huko kuna mikwaruzo ambayo nilikua naificha, dada wa Mombasa aliposikia akasema hapo ndio unafanana na mtu anayetoka mahali. Nimeiacha na mikwaruzo yake.

Albamu ilipotoka nilipanda taksi mpaka Malaba nikamsikilizisha mama "Foleni" kwenye simu, tumekaa pale pale nje. Akasikiliza yote, hakusema kitu, nikaona macho yake yako kwenye malori. Mzee alipopiga zile nyuzi za mwisho akanirudishia simu.

"Chai haikua mia mbili kama ulivyoimba," akasema. "Ilikua mia tatu. Mia mbili ni kama mutu amelala hapa siku ya pili."

Nikamwambia mama, ishatoka, siwezi kubadilisha. Akasema basi ungeniuliza.