Ukijitolea kwenye kongamano la programu huria, omba meza ya usajili

Kongamano la programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, likikaribia hapa Nairobi, wanafunzi huniuliza: "Mimi sijaiva kwenye kuandika programu, nitafanya nini huko?" Kazi ziko tele, na nyingi hazigusi programu kabisa. Hata Ushahidi, mradi wa programu huria ya kuweka ripoti za watu kwenye ramani, ulioanzishwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, ulipotumika kwenye tetemeko la Haiti mwaka 2010 ulitegemea watu wa kujitolea waliokuwa wakitafsiri jumbe za simu na kuziweka kwenye ramani.

Kwa hiyo jaza fomu, na ukiulizwa unataka wapi, sema meza ya usajili, zamu ya asubuhi. Wengi huikwepa. Wanataka ukumbini, karibu na wazungumzaji, kisha wanajikuta wamesimama mlangoni wakihesabu viti. Mezani kila mtu lazima apite kwako. Unampa beji, unamsikia akilitamka jina lake, na kufikia chai ya saa nne mnasalimiana kama mliojuana. Yule anayesimamia mradi unaoutumia kila siku atakuja kukuuliza choo kiko wapi. Mwonyeshe, ongea naye kidogo. Usimwombe kazi papo hapo, tafadhali.

Beji zipange kwa herufi, lakini usimwambie mtu "haumo" kabla hujatafuta kwa jina la kwanza, la pili na la tatu. Otieno wako huenda alijisajili kama Brian. Kama waandaaji wametenga kamba ya beji ya rangi nyingine kwa wasiotaka kupigwa picha, ieleze kwa kila anayefika, maana wengi huchukua tu iliyo karibu. Na ujue mapema ni nani anayepokea malalamiko ya utovu wa adabu. Mtu aliyeudhiwa hatakuja mara mbili.

Beba adapta za umeme ukiweza. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na mgeni kutoka Ujerumani au Ufaransa atafika na pini mbili za mviringo, betri ikiwa inakata roho.

Ukihamishiwa kupeleka maikrofoni, ishike mwenyewe mtu akiuliza. Ukiiachia, umekwisha: kuna yule wa "mimi sina swali, ni maoni tu."

Suala la nauli liulize kabla hujakubali zamu, bila haya. Kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka Kitengela, mvua ikinyesha, si mchezo, na matatu hupandisha nauli mvua ikianza tu. Kama hairudishwi, chukua zamu chache.

Kongamano likiisha huwa kuna kikao cha tathmini, mara nyingi mtandaoni, na wanaohudhuria ni wachache. Ingia hata kama umechoka. Kazi za kongamano lijalo huanza kugawanywa pale, na wanaopewa ni wale waliopo.