Msikatae sindano ya mgongo

Mkuu uliyeomba ushauri wa kumpeleka mgonjwa wako Dar akapasuliwe kichwa, simamisha hiyo safari. Mgonjwa aliacha ARV, kichwa kinamuuma wiki ya pili, anatapika, anaona vitu viwiliviwili. Madaktari wanataka kumtoa maji ya mgongo, nyie mmesaini kukataa, halafu unauliza gharama za operesheni ya kichwa, bima na pa kufikia. Operesheni ya nini?

Mdogo wangu alikuwa hivyohivyo hapa Dodoma. Mwenye duka la dawa mtaani, na koti lake jeupe, akatuapia kwamba sindano ile inapoozesha. Tukakataa. Mgonjwa alipoanza kuropoka, baba mdogo akataka apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi nikauza ng'ombe kule Chamwino nimtafutie bingwa wa ubongo (msinicheke, bei ilikuwa nzuri). Bingwa tulipompata, swali la kwanza: "Maji ya mgongo yalionyesha nini?" Nikabaki natazama viatu.

Walipomchoma wakasimamisha mrija mwembamba kwenye sindano, maji yakapanda mpaka juu kabisa. Ni fangasi, kriptokoka. Anaziba njia ya maji ya kichwa, presha ya humo kichwani inapanda, mishipa ya macho inaumia. Wakayapunguza, kesho yake tena, kichwa kikaachia. Macho hayakurudi. Kijana mzima leo anashikwa mkono kwenda chooni, na yule mpuuzi bado yuko kaunta anashauri watu!

Upasuaji upo, hata hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapasua vichwa, ila una zamu yake. Presha ikigoma kushuka baada ya kutolewa maji mara kadhaa, ndipo wanapitisha mpira chini ya ngozi kupeleka maji tumboni. CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, ikionyesha uvimbe, mara nyingi ni tokso (toksoplazma, maambukizi ya kimelea kwenye ubongo). Wanajaribu dawa kama wiki mbili, usiposinyaa ndipo wanafikiria kukata kinyama wakapime. Kama ana degedege au upande mmoja umelegea, CT itangulie sindano, hapo msibishane nao.

Na msimrudishie ARV kienyeji. Kwa fangasi huyu dawa zake hutangulia, ARV hufuata baada ya wiki 4 hadi 6.

Rudi wodini leo hii, waambie mmebadili mawazo, wamchome. Na uulize presha ya maji hayo ya mgongo imesoma ngapi, maana kuna wanaochukua maji ya maabara tu bila kuipima.